Mtoto Aliyezaliwa Bila Kulia: Kukosa Hewa, Nguvu za Mishipa ya Fahamu na Hukumu Zake

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba zake. Amma baad.

Yametufikia maswali kutoka Unguja na Pemba ambayo yameandikwa na watu mbalimbali lakini mzizi wake ni mmoja. Bibi mmoja anauliza kama mjukuu wake, aliyezaliwa "amechoka" na sasa ana miezi minane hajakaza shingo, amepigwa na upepo. Baba mmoja anauliza kama amekosa Sunna kwa kuwa wauguzi hawakumpa nafasi ya kumuadhinia mwanawe pale pale alipozaliwa. Na mama mmoja ameuliza swali lililo zito kuliko yote. Mwanawe alivuta pumzi mara mbili tatu, akatikisa mkono, kisha akafa. Jamaa walimkosha, wakamkafini na kumzika bila ya kumsalia, wakisema kwamba hakulia. Jee, walipatia?

Tumeona tuyajibu pamoja, na tuanze na maumbile kabla ya hukumu. Maulamaa wetu wa usuli wametufundisha kwamba huwezi kulihukumu jambo mpaka ulifahamu kwanza lilivyo. Sisi si madaktari. Upande wa tiba tumefuata yale yanayofahamika kwa wataalamu wa uzazi na watoto, na upande wa fiqhi tumefuata madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu visiwani.

Mtoto akiwa tumboni hapumui. Mapafu yake yamejaa maji, na oksijeni anayoihitaji inamfikia ndani ya damu kwa njia ya kondo la nyuma na kitovu. Uchungu unapobana, mishipa ya damu inayopita katika mji wa mimba hubanwa nayo, na oksijeni hupungua kwa muda mfupi. Uchungu unapoachia, damu hurudi. Mtoto mzima hulistahamili hilo kama mzamiaji anavyobana pumzi akaibuka, akazama tena akaibuka. Shida inakuja pale anapokosa nafasi ya kuibuka. Huenda kitovu kimebanwa au kimetangulia mbele ya kichwa, au kondo limeachia kabla ya wakati. Huenda presha ya mama imepanda, au uchungu umekwenda mchana na usiku bila ya mtoto kushuka, au unafuatana bila ya kupumzika.

Hilo la mwisho tulisemee kidogo. Wapo wanaompa mzazi dawa za kienyeji za kuharakisha uchungu, na wengine hununua vidonge vya mji wa mimba kwa siri. Uchungu uliozidishwa kwa njia hiyo, bila ya mtu wa kuusikiliza moyo wa mtoto, unamnyima ile nafasi ya kuibuka. Mama huambiwa kwamba dawa imefanya kazi kwa kuwa amejifungua upesi, na hakuna anayeunganisha upesi ule na mtoto aliyetoka amelegea. Kwa yanayojulikana leo kuhusu madhara yake, hatuoni njia ya kuihalalisha tabia hiyo.

Oksijeni ikipungua, mwili wa mtoto una hikma aliyoumbiwa. Damu inaelekezwa kwenye ubongo na moyo, na ngozi, matumbo na figo zinapewa kidogo. Ndiyo maana anaweza kutoka mweupe au wa rangi ya buluu na bado ubongo wake haujaumia. Lakini hali ikiendelea, moyo unapunguza kasi, presha inashuka, na ubongo nao unaanza kukosa. Kila chembe ya ubongo inaishi kwa kutoa nje chumvi inayoingia ndani yake bila kusita, mfano wa mashua inayovuja ambayo lazima pawe na mtu wa kukumba maji. Oksijeni ndiyo inayompa mkumbaji nguvu. Akichoka, chembe inajaa na kuvimba. Nyengine hufa wakati ule ule, nyengine hubaki taabani.

Halafu kuna jambo ambalo familia nyingi hazilijui. Mtoto aliyekosa hewa akishaanza kupumua, hupita saa kadhaa akaonekana ametulia. Watu hushukuru, hutaka kurudi nyumbani. Kumbe ndani ya ubongo wimbi la pili linakuja, na mara nyingi ndani ya siku ya kwanza ndipo degedege hujitokeza. Daktari anapowazuia musiondoke na mtoto "aliyelala vizuri", mujue ni kwa sababu hiyo. Na degedege ya kichanga haifanani na ya mtu mzima. Pengine ni mdomo kutafunatafuna bila ya kitu, jicho kukaza upande mmoja, mguu kwenda kama anaendesha baskeli, au pumzi kukatika ghafla.

Sasa tuje kwenye nguvu za mishipa, maana hapa ndipo maswali mengi yanapogonga. Watu husema "mishipa ya mtoto imelegea", na bibi huanza kumkanda miguu kwa nguvu akidhani kasoro iko miguuni. Katika maradhi haya, kwa kawaida, mishipa ya fahamu ya mkono na mguu ni mizima. Iliyoumia ni sehemu ya ubongo inayoituma. Mtoto mzima hata akilala huwa amekunja mikono na miguu yake, ukiinyoosha inarudi. Hiyo ni kazi ya ubongo na uti wa mgongo kuipa misuli mkazo wake wa siku zote.

Mtoto aliyekosa hewa kidogo anaweza kuwa macho sana, mwenye kushtuka na kulia kwa sauti kali, na mwili wake umekaza kuliko kawaida. Wengi wa hawa hupoa katika siku moja au mbili na hukua salama. Aliyekosa zaidi huwa mlegevu, anasinzia, hanyonyi vizuri, na degedege humjia. Aliyeumia sana halegei tu bali hana hata uwezo wa kunyonya au kukohoa, na hulala kama asiyekuwepo. Madaktari hupanga hali hizi kwa madaraja matatu, na daraja ndilo linalowasaidia kukisia mwisho wake. Kichanga ambaye ndani ya wiki ya kwanza amerudi kunyonya vyema na mkazo wa mwili wake umekuwa wa kawaida ana matumaini mazuri.

Kinachowachanganya wazazi ni kwamba ulegevu huo hubadilika. Mtoto aliyekuwa tepetepe wiki za mwanzo anaweza, miezi ikipita, kuwa mgumu: ngumi hazifunguki, miguu inapishana kama mkasi, mgongo unajipinda nyuma. Wengine miili yao hujisokota bila ya kutaka, kwa kuwa iliyoumia ni sehemu ya ndani kabisa ya ubongo. Hakuna kilichoongezeka wala kilichorogwa. Jeraha ni lile lile la siku ya kwanza. Ubongo umekua, kazi zilizotarajiwa zimefika wakati wake, na pengo limeonekana. Hali hii ndiyo inayoitwa mtindio wa ubongo. Na si kila mtindio unatokana na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kwani kuna unaotokana na kuzaliwa njiti, manjano makali au homa ya uti wa mgongo. Kwa hivyo musikimbilie kumtuhumu mkunga kabla ya kupata maelezo ya daktari.

Na kama ni mkono mmoja tu uliolegea, umening'inia ubavuni na mwengine unacheza, hilo kwa kawaida ni jambo jengine. Bega la mtoto lilikwama wakati wa kuzaliwa na mishipa ya fahamu inayotoka shingoni kwenda mkononi ikavutika. Hapo mishipa yenyewe ndiyo iliyoumia, na wengi hupona miezi ya mwanzo wakiangaliwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kuuvuta mkono huo kwa nguvu ili "urudi" ni kuuongezea jeraha.

Tumeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu yanaonyesha wapi pa kuokoa. Watoto wengi huanza kupumua wenyewe. Takriban 10 katika kila 100 huhitaji kusaidiwa kidogo, na wanaohitaji matibabu makubwa hawafiki 1 katika 100. Msaada wenyewe haushangazi macho: kukaushwa kwa kitambaa kikavu, kusuguliwa mgongo, kuwekwa kichwa sawa ili njia ya hewa ifunguke, na kama bado hapumui, kupuliziwa hewa kwa kifuko na kinyago kabla ya dakika moja kumalizika. Utafiti uliofanywa katika hospitali ya Haydom, kaskazini mwa Tanzania Bara, ulionyesha kwamba kila nusu dakika ya kuchelewa kumpulizia mtoto wa namna hii iliongeza kwa asilimia 16 hatari ya kufa au kulazwa muda mrefu. Nusu dakika ni muda wa kusema "ngojeni kwanza aitwe fulani".

Kumning'iniza kichwa chini, kumpiga makofi, kummwagia maji baridi, kumpulizia tangawizi iliyotafunwa, yote hayo yanakula dakika hiyo na kumpoza mtoto. Baadhi yenu mumesikia kwamba katika nchi tajiri mtoto aliyekosa hewa hupozwa mwili kwa makusudi. Ni kweli, hupozwa kwa mashine hadi nyuzi 33.5 kwa saa 72, akiwa chini ya uangalizi mkali, na lazima kuanzwe ndani ya saa 6. Lakini jaribio kubwa lililofanywa India, Sri Lanka na Bangladesh, matokeo yake yakatolewa mwaka 2021, liliona kwamba huko halikuleta faida hiyo na waliokufa walizidi. Kwa hiyo nyumbani au njiani, mtoto ni wa kufunikwa na kuwekwa kifuani kwa mama.

Miaka ya 2009 na 2010 hapa hapa Zanzibar vituo 24 vya afya viliingizwa katika utafiti. Katika nusu yake akina mama waja wazito walipelekewa ujumbe wa simu na kupewa njia ya kumpigia mkunga. Vifo vya watoto kabla na mara baada ya kuzaliwa vilikuwa 19 katika kila uzazi 1,000 upande huo, na 36 upande wa pili. Baadaye, katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, wakunga na madaktari walipewa mwongozo mfupi wa kusimamia uchungu uliotungwa kulingana na hali halisi ya hospitali hiyo. Waliozaliwa wafu walishuka kutoka 59 hadi 39 katika kila 1,000, na waliozaliwa hai lakini wamechoka vibaya walishuka kutoka 52 hadi 28. Mashine mpya hazikuhusika. Mama alifikiwa mapema, na moyo wa mtoto ukasikilizwa kwa wakati wake.

Kwa familia ya Kojani au Tumbatu, ambako ikihitajika hospitali kubwa safari huanza kwa chombo, kupanga mapema si anasa. Jueni nani ana boti, nani ana gari ng'ambo, na nauli iwekwe. Maji yakivunjika yakawa ya kijani, maana yake mtoto amekunya tumboni, musisubiri asubuhi. Na linalotusikitisha zaidi ni suala la idhini. Mama anahitaji kupasuliwa, mume yuko dago, simu haipatikani, na wakwe wanasema hapasuliwi mpaka mwenyewe asikike. Sharia haikuweka sharti hilo. Kuiokoa nafsi ni katika makusudio yake makubwa, na mwanamke anapofikwa na dharura haihitaji ruhusa ya mume kutibiwa. Mume mwenye busara atatoa kauli yake mbele ya watu kabla hajatweka tanga. Vile vile akikosekana daktari mwanamke, mwanamme anafaa kwa kadiri ya haja, na kumsubiri mwanamke huku moyo wa mtoto unapungua hakujuzu.

Ama wale wanaozalisha majumbani bila ya kusoma kazi hiyo, wakumbuke Hadithi iliyopokewa na Abu Daud, Nasai na Ibn Majah. Maana yake ni kwamba mwenye kujitia kutibu bila ya kujulikana kwa utabibu anabeba dhamana ya alichokiharibu. Wazee wetu wakunga wana heshima zao, na wengi wao leo humsindikiza mzazi hadi hospitali na kukaa naye. Hiyo ndiyo kazi tunayowaombea wadumu nayo.

Baba aliyeuliza juu ya adhana asiwe na wasiwasi. Kumuadhinia mtoto ni jambo linalopendekezwa kwa wanavyuoni wa madhehebu yetu, na halina dakika maalumu ambayo ikipita limepotea. Mtoto akishapumua na kutulia, hata baada ya saa au siku, ataadhiniwa kwa sauti ndogo. Ikiwa yuko kwenye mashine na baba haruhusiwi kumgusa, kusimama karibu kunatosha. Na tahniki, yaani kumpaka tende kwenye kaakaa, iachwe mpaka daktari aseme anaweza kumeza. Mtoto mlegevu hana nguvu ya kukohoa, na kitakachoingia mdomoni kitashuka mapafuni. Asali tunasihi isipewe mtoto yeyote aliye chini ya mwaka mmoja. Huweza kuwa na vijidudu ambavyo matumbo ya mtu mkubwa huvishinda, lakini ndani ya kichanga hutoa sumu inayolegeza misuli mpaka ya kupumulia. Itakuwa ajabu tumkimbize mtoto kutoka ulegevu mmoja tumtie katika mwengine kwa jina la Sunna, na Sunna yenyewe ilikuja kwa tende.

Bibi tunamwambia hivi: mjukuu wako ana mwezi wa nane na shingo haijakaza, wakati watoto wengi hukaza kufikia mwezi wa tatu au wa nne. Mpelekeni kwa daktari wa watoto wiki hii. Chembe za ubongo zilizokufa hazirudishwi na dawa, si ya hospitali wala ya kienyeji, lakini ubongo wa mtoto mchanga una uwezo mkubwa wa kupitisha kazi njia nyengine, na mazoezi ya viungo yakianza mapema hupata pa kufanyia kazi. Watafundishwa pia namna ya kumbeba, kumlisha bila ya kumpalia na kumkalisha. Kumsomea Qur'ani na kumuombea dua ni jambo jema, msomeeni. Tunalolikataa ni kumchanja, kumfukiza moshi na kumzuia na dawa ya degedege kwa kauli ya kwamba "nyuni hapendi sindano". Akishikwa na degedege alazwe ubavu, asitiwe kitu mdomoni, apelekwe hospitali, na dua isomwe njiani.

Katika jambo hili mara nyingi mama ndiye anayeadhibiwa. Huambiwa kwao wana mkosi, au alivunja miko, na baadhi ya waume huondoka. Baba ajue kwamba nafaka ya mtoto huyu iko shingoni mwake, na kwa mtoto asiyeweza kujitafutia kwa ulemavu haikomi kwa kubaleghe. Hata akimtaliki mama, gharama za matibabu na mazoezi hazikutalikiwa pamoja naye.

Tumelibakisha swali la yule mama. Watu wameshika kwamba uhai wa mtoto unathibiti kwa kulia, na ni kweli kulia kumetajwa. Lakini mafaqihi hawakuishia hapo. Katika mlango wa mirathi wametaja kupiga chafya na kunyonya kuwa ni dalili za uhai uliothibiti, na katika mlango wa jeneza wametosheka na alama ya uhai kama vile kutikisika. Siku hizi madaktari wametuongezea ushahidi mwengine: mtoto anaweza kuwa hapumui wala halii, na moyo wake unapiga. Mkunga akishika kitovu pale kinapoungana na tumbo, anausikia. Mafunzo ya kuwasaidia watoto kupumua yalipotolewa katika hospitali 8 za Tanzania kuanzia mwaka 2009, vifo vya siku ya kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Na waliokuwa wakiandikwa kuwa wamezaliwa wafu, miili yao ikiwa bado mibichi, nao walipungua kwa asilimia 24. Kwa maneno mengine, baadhi ya waliokuwa wakifunikwa na kuwekwa pembeni walikuwa hai, wakisubiri kupuliziwa. Kumweka mtoto pembeni bila ya kuusikiliza moyo wake kwa sababu tu hakulia ni jambo zito mbele ya Mwenyezi Mungu.

Basi mwanao, mama, alivuta pumzi na akatikisa mkono. Alikuwa hai. Haki yake ilikuwa akoshwe, akafiniwe, asaliwe na azikwe, na yote wameyatekeleza isipokuwa sala. Kaburi halifukuliwi kwa ajili hiyo. Jamaa waende wakamsalie hapo kaburini, sala kamili yenye takbira nne, na hata mmoja wao akisali inatosha. Kama hakupewa jina, mpeni. Akika yake pia inapendekezwa katika madhehebu yetu hata kwa aliyekufa kabla ya siku ya saba, akiwa baba yake anao uwezo. Kuhusu mirathi, kama kuna aliyekufa kabla yake ambaye mtoto huyu angemrithi, pelekeni suala kwa kadhi pamoja na maelezo ya waliokuwepo chumbani, kwa kuwa hapo inatazamwa kama uhai wake ulikuwa umethibiti. Ama wale waliozaliwa bila ya alama yoyote ya uhai baada ya miezi minne ya mimba, hukoshwa, hukafiniwa na kuzikwa. Katika kuwasalia wanavyuoni wamekhitilafiana: Mahanbali wanawasalia, na ndani ya madhehebu yetu kuna kauli zaidi ya moja juu ya aliyetimiza miezi yake, hivyo anayemsalia huyo asikatazwe.

Wallahu aalam.